Nilisema Hapa Hakuna Msiba

Juzi wamefunga turubai nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Area D, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa amefikisha hata mwezi. Viti vya plastiki vya kukodi, masufuria ya kanisani, kinamama wanachagua mchele kwenye sinia, kila kitu kama msiba wa mtu mzima. Nilijifunga kanga nikaenda na sukari yangu, nikakaa mkekani na wenzangu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipoinua macho nikamwona baba wa mtoto. Kijana tu, fulana ya kazini bado iko mwilini, amekaa katikati ya wanaume, na kila anayeingia anampa mkono yeye kwanza. "Pole sana, kaka." "Pole, baba, Mungu akutie nguvu." Yeye anaitikia kwa kichwa. Wakaniletea wali na maharage. Nilitia tonge mdomoni likakaa humo kama pamba. Mama mmoja akaniuliza, "Bibi Perisi, ni meno?" Nikamwambia ndiyo, ni meno. Meno yangu ni mazima, nakula hata mahindi ya kuchoma. Tatizo langu ni mwaka mmoja, ule ambao mvua zilichelewa mpaka karibu na Krismasi. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuishi miaka mingi akijulikana kwa uhodari, halafu mwaka mmoja ukamvua nguo mbele ya watu.

Wenzangu wakisimulia mwaka uliowafundisha dunia, wanasimulia ujana. Mimi ujana ulinifundisha kulima na kunyamaza. Mengine nilifundishwa uzeeni, wajukuu tayari wanaoana. Mwaka huo mjukuu wangu Nyemo alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza, nami nikaegemeza jembe nyuma ya mlango kijijini kwetu Mvumi nikaja mjini kumtunza mzazi. Nilikuja kwa kishindo. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengine, choo cha pamoja, jiko ukumbini. Cha thamani humo ndani kilikuwa kitanda cha chuma ambacho mume wake, Baraka, alikichomelea mwenyewe, kina maua ya nondo kichwani. Baraka ni fundi wa kuchomelea kwenye karakana moja ya Kizota. Wanatengeneza mageti, matangi na madawati ya shule. Jioni anarudi ananuka chuma kilichoungua, macho mekundu kama mtu aliyelia, ananawa mpaka kwenye viwiko ndipo aguse mtoto. Na mimi, kama ilivyo kwa bibi na mume wa mjukuu, nilikuwa namtania mpaka wapangaji wanacheka huko kwao.

"Mume wangu, huyo mtoto si geti. Usimkaze hivyo."

"Bibi, nisipomkaza atachomoka. Angalia anavyorusha miguu."

"Nyemo! Mke mwenzangu! Njoo umwone mumeo amebeba mtoto kama mtungi wa gesi."

"Mwache, Bibi," Nyemo anajibu kutoka ukumbini. "Mtungi wenyewe hajawahi kuudondosha."

Nilitawala ile nyumba. Mimi ndiye niliyesema maji yachemke kiasi gani, dirisha lifunguliwe saa ngapi, nani aingie na nani asimamie mlangoni. Nilipika uji wa uwele na karanga, nikamkanda Nyemo kwa maji ya moto mpaka anapiga kelele. Baraka alikuwa ameshachagua jina la mtoto. Nikamkataza kulitaja. "Subiri ubatizo. Jina ukilitaja mapema unalichosha." Alicheka akasema sawa, Bibi. Kila kitu alikuwa anasema sawa, Bibi. Alilelewa mjini na shangazi yake, mila za kwetu alizijua kwa kusikia, na alinichukulia mimi kama msahafu. Nilipenda sana kuchukuliwa hivyo.

Mtoto alishikwa na kichomi. Usiku alikohoa, asubuhi nikaona kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na kifua kikiingia ndani namna ile mtu hangoji chai. Baraka alikimbia kuita bajaji. Nyemo alivaa viatu vya kushoto na kulia vya rangi tofauti. Nilimbeba mimi. Tulikuwa bado hatujatoka uani, bajaji inageuza getini, nikasikia mikononi mwangu kitu kimelegea. Nimeshika watoto wengi maishani, sikuhitaji daktari aniambie. Nikamgeukia Nyemo nikamwambia, "Turudi ndani." Dereva wa bajaji akaondoka polepole bila kudai nauli.

Lazima nieleze tulivyolelewa, maana bila hivyo utaniona mchawi. Kwetu, kwa namna nilivyofundishwa na mama zangu, mtoto ambaye hajaota meno haliliwi. Wanamzika wanawake wazee, waliokwisha kuzaa. Hakuna turubai, hakuna jeneza, hakuna tuta la kaburi. Anazikwa nyuma ya nyumba, penye udongo wenye unyevu, ili tumbo la mama lisikauke, na udongo unasawazishwa kwa mguu mpaka ardhi iwe kama ilivyokuwa. Wanaume hawaendi. Mama hatoi sauti, maana akilia kwa sauti anawafukuza wanaokuja nyuma. Kesho yake watu wanaamka na majembe. Mimi nimezika wawili namna hiyo, na kesho yake wote walinikuta shambani. Sisemi mila ile ni mbaya. Waliitunga wanawake waliozika sana, na anayezika sana lazima ajitafutie namna ya kuamka asubuhi. Ninachosema ni kwamba niliibeba kutoka Mvumi nikaitua Area D kama mtu anavyotua mzigo juu ya mguu wa mwenzake, bila kuangalia chini.

Jirani mwenye gari alikubali kutupeleka kijijini. Nilikuwa nimekaa nyuma, mtoto mapajani kwangu ndani ya kanga mpya, Nyemo pembeni yangu. Baraka akafungua mlango wa mbele aingie. Nikamshika mkono wa shati.

"Wewe unabaki."

"Bibi, ni mwanangu."

"Ni wako. Lakini kazi hii si ya wanaume."

Alisimama pale, mlango umeshikwa, akamwangalia Nyemo. Nyemo alikuwa anaangalia viatu vyake vya rangi mbili. Kisha Baraka akauliza swali ambalo mpaka leo nikiwa naosha vyombo nalisikia. Akasema, "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamjibu, "Piga simu kazini uwaambie. Halafu fagia ndani."

Akafunga mlango wa gari taratibu, kama vile mtoto angeamka.

Tulimzika mimi na mawifi zangu wawili, nyuma ya nyumba, pale yanapotiririkia maji ya kuogea. Mmoja alichimba, mmoja aliomba maneno mafupi, mimi nikalaza, nikasawazisha. Tukanawa, tukanywa uji. Nyemo alikuwa ndani amekaa ametazama ukuta, hatoi sauti kama nilivyomwagiza, na maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe yamelowesha gauni mpaka kwenye mapaja. Nilimfunga kifua kwa kanga, nikakaza. Wifi mmoja akasema, "Huyu ni jasiri. Amekufuata wewe." Nikavimba. Niseme ukweli wangu: siku ile ile, na udongo bado uko chini ya kucha, nilivimba kwa sifa. Jioni tulikuwa tumerudi mjini. Baraka alikuwa amefagia. Alikuwa amefagia mpaka chini ya kitanda, mpaka kwenye ngazi za wapangaji wengine. Akatuambia msimamizi wake amempa pole na kumwambia akae nyumbani siku zake nne, ni haki ya mfanyakazi aliyefiwa na mtoto. Mimi nikacheka kwa pua. Nikasema, siku nne za kufanya nini?

Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa ukingoni mwa kile kitanda chake, mikono katikati ya magoti, na Nyemo amelala nyuma yake. Nikaona huu sasa ni msiba unaingia kwa mlango wa nyuma. "Mume wangu, toka," nikamwambia. "Mwanamume haatamii ndani kama mzazi. Nenda ukakae na wenzako." Alitoka. Hata chai hakunywa. Akaenda kwenye kijiwe cha kahawa kule karibu na stendi ya bajaji, wakampa kiti, na kwa kuwa hakusema lolote wakamwekea drafti mbele yake.

Mimi nikakaa mlangoni nachambua mlenda. Redio ya mpangaji wa pili inaimba. Ndipo wakaja wawili: mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, na mwanamke mwenye ushungi, amebeba mfuko wa sukari na bahasha.

"Hodi hapa."

"Karibuni."

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni Elia, msimamizi wa Baraka kule Kizota. Huyu ni Husna, mwakilishi wetu sisi wafanyakazi. Tumekuja msibani."

Walikuwa wanaangalia uani wakitafuta turubai, wakitafuta viti, wakitafuta hata moshi. Palikuwa na kamba ya nguo na kuku wa jirani.

"Msiba upi?" nikauliza.

"Wa mtoto, Bibi," akasema Husna. "Baraka alipiga simu jana."

"Hapa hakuna msiba."

"Samahani, Bibi. Nyumba ni hii kweli?"

"Nyumba ni hii. Baraka anakaa hapa. Msiba hakuna."

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Elia.

"Ametoka."

"Na mama wa mtoto?"

"Amelala."

Elia akamgeukia mwenzake, na kile kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeshinda ubishi. "Nilikwambia nini garini? Tuna fundi pale amemzika bibi yake mara mbili, na bibi mwenyewe anauza ubuyu sokoni, mzima kuliko mimi."

Husna hakucheka. Aliniangalia, akaangalia pazia la mlango, ambalo nyuma yake Nyemo alikuwa amesimama anasikia kila neno. Akaniuliza tena kwa upole, "Bibi, una hakika?" Hapo ndipo nilipopewa nafasi, na nafasi kama hiyo mtu hapewi kila siku. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mtoto amefariki, ila sisi kwa kichanga hatuweki msiba. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Mimi niliona watu wa mjini wamekuja kuchungulia mambo ya wanawake wazee, nikaona nikisema neno "amefariki" mbele ya mgeni nimeshauita msiba uje ukae. Na nikaona, hili ndilo baya zaidi, kwamba wananiuliza mimi kama vile sijui ninachosema nyumbani kwangu. Nikasema, "Nina hakika." Wakaondoka na sukari yao. Njiani kwenye kijiwe cha kahawa wakamwona Baraka, drafti mbele yake. Elia akatoa simu akampiga picha.

Siku zake zilipokwisha Baraka alirudi kazini, na mchana huo huo alikuwa nyumbani. Walikuwa wamemsimamisha. Zile siku zimehesabiwa utoro, na juu ya utoro kuna uongo, na uongo ndio unaofukuzisha. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa aombe athibitishiwe kwamba amefiwa. Mwenyekiti ni mtu mwema, akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuona hata jiko la mafiga nje kwako. Hospitali hamkufika. Nithibitishe kitu gani?" Karatasi aliyokuwa nayo Baraka ni kadi ya kliniki, nayo ilionyesha kwamba mtoto alizaliwa na anaongezeka uzito.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Mimi ni mtu wa kujibu. Ukinirushia neno nakurudishia mawili. Aliendelea kunisalimia, shikamoo Bibi, umeamkaje Bibi, lakini nikimwita mume wangu anaitikia "naam" kama askari. Nilipika mboga nzuri, nilinunua nyama kwa hela yangu, wakala wote wawili bila kuinua macho. Nyemo nilikuwa nimeshamrudisha kwenye genge lake la mboga. Genge halina msimamizi wa kuombwa ruhusa, na mimi nilimwambia kazi ndiyo dawa. Akawa anapanga mafungu ya nyanya huku kifua kimefungwa kanga, na wateja wanamuuliza, "Mtoto hajambo?" Anajibu hajambo. Kwa nini asijibu hivyo? Bibi yake alishasema hakuna kilichotokea.

Jioni moja nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka wangu, wanadhani nimelala. Ukuta wenyewe ulikuwa pazia.

"Wanasema nimemuua mtoto kwa mdomo ili nipumzike," Baraka alisema. Sauti ilikuwa ya chini, haina hasira. "Elia ameionyesha ile picha karakana nzima."

"Mwambie Bibi aende akaseme."

"Nimwambie nini? Kwamba nimesimamishwa kwa sababu yake? Mwache, Nyemo. Ni mzee."

Nimeitwa mengi. Nimeitwa mkorofi, nimeitwa mdomo mkali, yote nimeyavaa kama shanga. Lakini kuachwa kwa sababu ni mzee, kama anavyoachwa mbwa asiyejua alipokojoa! Mvua zilipoanza asubuhi ya pili yake, nikasema nakwenda kupanda. Hawakunizuia. Na kweli nilipanda, lakini nisidanganye watu, nilikuwa nimekimbia kile chumba.

Kule shambani, nikiwa nimeinama peke yangu, nikaanza kumkumbuka marehemu mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza kati ya wale wawili alipofariki, mimi nilikwenda shambani na yeye hakwenda. Alikaa zizini. Ng'ombe wametoka, zizi tupu, yeye amekaa juu ya gogo anachora chini kwa kijiti, siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Watu wakaniuliza mumeo anaumwa? Nikasema ni mvivu. Nilimsema mbele ya ndugu zake, nikamwambia mimi mwanamke niliyezaa niko na jembe, wewe umekaa na mavi ya ng'ombe. Kwa miaka yote tuliyoishi baadaye, nikimkasirikia namkumbusha lile zizi, namcheka. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anachora nini. Nilisimama katikati ya mtaro na mbegu mkononi, mvua inaninyeshea, nikajiuliza ni wanaume wangapi nimewafukuza kutoka kwenye misiba yao.

Nyemo akanipigia simu. "Bibi, kikao cha Baraka ni Jumatatu. Hajui kama nimekupigia."

"Nitakuja niwapikie."

"Bibi, sitaki uje unipikie. Nataka uje useme."

Jumatatu nilikuwa Kizota, na kanga yangu ya kanisani. Ofisi ya karakana ni chumba kidogo kimejaa harufu ya rangi ya mafuta, na nje mashine ya kukatia chuma inalia mpaka meno yanaingia ganzi. Meneja alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, si mtu mbaya hata kidogo. Elia alikuwepo na Husna alikuwepo. Baraka aliponiona mlangoni alisimama, akanipa kiti chake. Yeye akabaki amesimama.

"Mama, karibu," meneja alisema. "Nitasema wazi. Sheria inampa mfanyakazi likizo akifiwa na mtoto, na haiulizi mtoto ana umri gani. Simnyimi mtu haki hiyo. Lakini watu wangu walikwenda kumpa pole wakaambiwa hakuna msiba. Na aliyewaambia, wanasema, ni bibi aliyekuwa mlangoni."

"Ni mimi."

"Uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia hivyo."

"Sasa mtoto yupo au hayupo?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani yote. Yakanitoka mengine. "Alifia mikononi mwangu," nikasema. "Getini, bajaji inageuza. Nilimzika mimi, kwa mikono hii. Kwetu kichanga hakiwekewi msiba, nikawafukuza hawa, na baba yake nikamtoa nje asikae ndani. Kule kwenye drafti nilimpeleka mimi. Kijana huyu hajawahi kunidanganya hata bei ya nyanya. Kama kuna mwongo, ameshakaa kwenye kiti."

Mashine nje ilinyamaza, mtu alikuwa anageuza chuma. Elia alikuwa anazungusha funguo zake. Akauliza, na hakuuliza kwa kejeli, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa Bibi, kwa mila hiyo, baba anakuwa amefiwa, au hajafiwa?"

Mimi, Perisi, ambaye sijawahi kukosa jibu sokoni wala kanisani, nilitazama kwenye kichwa changu chote, kwa mama zangu wote walionifundisha, sikuona mahali walipomtaja baba.

"Amefiwa," akasema Baraka nyuma yangu.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema neno hilo. Husna akainamisha uso kwenye ushungi wake. Meneja akavua miwani, akamuuliza Baraka mtoto aliitwa nani, akamjibu, "Sechelela." Ni Kigogo, lugha yetu, maana yake kushangilia. Fundi aliyelelewa mjini alikuwa amekwenda kutafuta jina la kwetu, jina la bibi zangu, na mimi nikamkataza kulitaja, na sasa nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza ofisini, kati ya makopo ya rangi, pamoja na wageni.

Meneja alisema utoro umefutwa na mshahara wake wa muda wote aliosimamishwa atalipwa. Akasema siku zake zilikuwa zake tangu mwanzo, na kwa kuwa zile za kwanza hakukaa nazo kama mtu aliyefiwa, achukue nyingine nne kuanzia sasa. Elia alimfuata Baraka nje. Nilisikia anasema, "Ndugu yangu, ile picha," halafu sauti ikakatika. Sijui walimalizana vipi. Mimi nilibaki nimekaa mpaka Husna akanishika mkono kuninyanyua.

Nilidhani Baraka atalala. Nilidhani atakwenda kwenye drafti yake kwa hiari sasa. Asubuhi yake alikuwa amevaa, Nyemo naye amevaa, wamesimama mlangoni.

"Bibi," akasema Baraka, "naomba unipeleke."

"Wapi?"

"Alipo."

Tukapanda basi mpaka Mvumi. Mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakukijua. Mvua zilipokuja nililima kama ninavyolima kila mwaka, na nyuma ya nyumba, pale penye maji ya kuogea, ndipo penye udongo bora kuliko kote. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, jembe likafuata mkono. Kwa kuwa tulikuwa tumesawazisha vizuri sana, kama mila inavyotaka, hapakuwa na kitu cha kunizuia, na mvua ya kwanza ilikuwa imehamisha hata mkondo wa maji. Tulipozunguka nyumba, mtama ulikuwa umefika magotini, wa kijani, umestawi, na chini yake majani ya maboga yametandaa.

"Ni wapi, Bibi?"

Ningeweza kunyoosha kidole popote. Angeamini, angepiga magoti hapo, na mimi ningelala. Nikamwambia, "Ni humu. Kuanzia ukuta wa bafu mpaka pale kwenye mti wa miiba. Mahali penyewe sipaoni tena, mjukuu wangu. Nimelima."

"Ulipanda na hapa?"

"Nilipanda."

Nyemo alichuchumaa pembeni ya shamba, akatoa sauti. Ndiyo ile niliyomkataza, ilikuwa imengoja miezi yote, na ilipotoka mawifi zangu walitoka majumbani mwao. Sikumnyamazisha. Baraka hakulia. Aliinama akafungua kamba za buti zake za kazini, zile zenye matundu ya cheche, akazivua, akavua na soksi, akaziweka pamoja nje ya shamba kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya watu. Halafu akaingia katikati ya mtama. Alikuwa anaweka mguu mmoja taratibu, anasubiri, anaweka mwingine, ananyanyua majani ya boga kwa vidole na kuyarudisha, hakuvunja hata shina. Alikwenda hivyo mpaka ukuta wa bafu, akarudi kwa mstari mwingine, kila mahali, ili asiache mahali hajafika.

Nami nilivua ndala zangu nimfuate. Nilibaki nimezishika mkononi, maana kila nilipotaka kuweka mguu palikuwa na shina nililolipanda mwenyewe.